Ng'ombe Aliyesikiliza Kirusi

Benchi lile liko ubavuni mwa duka, upande unaopata jua, na ni ubao mmoja tu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori. Wanaume wanne hukaa pale kila siku baada ya kustaftahi, na wake zao walishaacha zamani kuwauliza wanafanya nini. Watatu hukaa kwenye ubao. Wa nne, Sodnom, tangu jana alikuwa anakaa kwenye kigari cha pikipiki, kile cha abiria kinachofungwa ubavuni, ila pikipiki yenyewe haikuwepo. Aliibadilisha kwa ng'ombe. Kigari alikibakiza, akakisukuma mpaka kijiweni, akajitosa humo na miguu yake mirefu ikaning'inia nje. Na asubuhi hiyo, mwanzoni mwa kiangazi, alikuwa amevaa joho la mkewe, na kitambaa cha mkewe kichwani.

— Bado? aliuliza Makaa kutoka kwenye ubao, akimimina chai.

— Bado, alisema Sodnom.

— Hata tone?

— Vijiko viwili. Kimoja kikamwagika.

Makaa akakitazama kikombe chake. Chai ilikuwa nyeusi. Katika bonde lote la Selenge chai isiyo na maziwa anapewa mgeni ambaye hutaki arudi, na wao walikuwa wanainywa siku ya pili mfululizo. Kosa lilikuwa la Sodnom. Juzi alipofika akimvuta ng'ombe kwa kamba, alisimama hapohapo kijiweni akatangaza kwamba kuanzia kesho yake maziwa ya benchi yalikuwa juu yake. Mke wa Redio, mmoja wa wale watatu wa kwenye ubao, ndiye anayewajazia chupa ya chai, naye akaacha kununua maziwa kwa jirani siku hiyo hiyo. Ni mwanamke anayeshika neno la mtu.

Si hilo tu. Sodnom alisema pia, tena kwa sauti, kwamba haoni ugumu wa kukamua, kwamba ni kufungua bomba tu. Huko kwao wanaume hukamua farasi, ng'ombe ni kazi ya wanawake, na wanawake walilisikia hilo la bomba kabla jua halijazama. Tangu hapo walikuwa wanapita mbele ya benchi na ndoo zao, wanamsalimu kwa heshima kubwa, na hawaongezi neno.

Kutoka uani kwa Sodnom, nyumba ya tatu kutoka dukani, ng'ombe akalia tena. Sauti ndefu, ya kuvuta, iliyokatikia puani. Alikuwa analia hivyo tangu juzi jioni.

— Na huyo naye, alisema Redio. Hakulala hata kidogo. Mke wangu anasema mtu anayelia namna hiyo ana lake.

— Mkeo kasema lipi?

— Hakusema. Alicheka, akaingia ndani.

Sodnom akavuta joho magotini. Lilikuwa fupi, mikono inamfika chini kidogo ya viwiko, na lilinuka moshi na maziwa ya zamani. Asubuhi alipolitoa chini kabisa ya sanduku, aliona kama anafungua kitu kisicho chake, na aibu hiyo ilikuwa haijamtoka. Dolgor, mkewe, alilikunja na kulificha humo miaka kumi na moja iliyopita. Wakati huo alikuwa na ng'ombe kumi na wanane wa kurithi kwa mama yake, na Sodnom alikuwa barabarani na lori, anakuja na kuondoka. Ikaja ile baridi iliyofunika nyasi kwa barafu, mifugo ikafa mmoja mmoja ikiwa imesimama. Wa mwisho, Dolgor alikaa naye mlangoni siku mbili, amevaa joho hili hili. Ng'ombe huyo alipokufa, Dolgor alilivua. Akasema hatakamua tena mnyama yeyote, wakahamia hapa.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Dolgor hutoka nje na kuirushia mbingu mwiko wa kwanza wa chai, kama mama yeyote wa nyumba, na chai hiyo huwa nyeusi. Maziwa ya kununua humimina baadaye, ya kunywa. Husema maziwa ya watu si yake kuyatoa. Sodnom alilitazama jambo hilo kupitia dirishani miaka yote kumi na moja, na lilimuuma kila siku.

Sasa Dolgor alikuwa kwenye chemchemi za maji moto, mwezi mzima, anatibu magoti. Wiki iliyopita kwenye simu neno lilimponyoka Sodnom, akamwambia: ukirudi utakuta chai nyeupe ya kurusha. Upande wa pili Dolgor alinyamaza muda mrefu, halafu akasema vocha inakwisha. Ule ukimya ulikuwa wa furaha au wa hasira, Sodnom hakujua. Alichojua ni kwamba gari la Dolgor lingefika leo alasiri, na kwamba alikuwa anaogopa.

— Mimi nilishasema tangu jana, alisema Makaa. Ng'ombe ni tanuri.

Makaa ndiye anayelisha tanuri la shule, na ndiye anayeleta makaa ya mawe kwa kilori chake cha buluu. Hakuna jambo duniani ambalo kwake si tanuri, ndoa yake ikiwemo.

— Maji yanaingia, aliendelea, moto unachemsha, presha inapanda, kitu kinatoka. Kisipotoka ujue presha hakuna.

— Presha ipo, bwana. Kiwele kimejaa mpaka kinang'aa.

— Basi vali imekwama. Ulimpa maji ya moto kama nilivyosema?

— Ndoo mbili.

— Akatoa nini?

— Alichotoa si maziwa.

— Lakini alitoa, alisema Makaa, akiwageukia wenzake. Mmesikia? Presha ipo. Ni bomba tu ndilo tumekosea.

Redio akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemhurumia mwenzake. Alikaa posta miaka thelathini, enzi za waya na enzi za minara, na mpaka leo huzungumza polepole kana kwamba kila neno linalipiwa.

— Gia Nne, alisema, maana ndivyo walivyomwita Sodnom tangu enzi za lori. Hebu niambie. Akilia anatazama wapi?

— Kaskazini.

— Mara zote?

— Mara zote. Jana nimemgeuza mara nne. Nikimwachia tu, anageuka tena.

— Na kaskazini kuna nini?

— Kuna kilima. Halafu bonde la Lodoi, aliyeniuzia.

— Halafu?

— Halafu Urusi.

Redio akaweka kikombe chini.

— Pembe mbili, alisema. Antena mbili. Na mnara wa simu uko nyuma ya ua wako. Jamani, huyu ng'ombe anasikiliza Kirusi.

Hakuna aliyecheka. Tai, wa tatu kwenye ubao, aliitikia kwa kichwa kana kwamba ni jambo alilolishuku zamani.

— Ndiyo maana hakuelewi, Redio akaongeza. Unamwambia toa maziwa kwa lugha ya nyumbani, na kichwa chake kipo Urusi.

— Kirusi nilimjaribu jana, alikiri Sodnom.

— Unajua Kirusi wewe?

— Maneno saba. Ya barabarani.

— Ulimwambia nini?

— Petroli imekwisha.

— Sasa petroli imeingiaje hapo?

— Neno la maziwa silijui. Nilidhani atapata maana kwa jumla.

— Akafanyaje?

— Akaipiga ndoo teke.

— Basi alikuelewa, alisema Redio, akachukua kikombe chake.

Ng'ombe akalia. Wote wanne wakageuza vichwa upande wa kaskazini, kisha wakaona haya wakavirudisha.

Tai alikohoa. Ni mtu mkubwa sana, ubao hulalamika akikaa, na husema machache. Miaka ishirini iliyopita alishinda mieleka ya tamasha la wilaya, mara moja, akacheza ile ngoma ya mshindi ya kutanua mikono kama tai, na jina likamganda.

— Nyie mnazungukazunguka, alisema. Lodoi alifanya nini ulipomchukua ng'ombe?

— Alifanya kama kila mtu, bwana. Alikata manyoya kidogo, akamfuta pua kwa mkono wa joho lake, akavua kamba yake, mimi nikamvisha yangu.

Wakaafiki. Ndivyo inavyofanywa. Mnyama anauzwa, heri yake inabaki nyumbani.

— Alifuta mara ngapi? akauliza Tai.

— Mara moja. Halafu akafuta tena.

— Mara mbili.

— Alikuwa anacheka, mkono ukawa unatikisika.

— Anacheka, Tai akarudia. Mtu anauza ng'ombe mwenye kiwele namna hiyo, huku anacheka.

— Sana tu. Akanipa chai bakuli mbili, akaniita kaka, akatoka kunisindikiza mpaka mtoni. Nikajua huyu mtu amenipenda.

— Maziwa yako kwenye mkono wa joho la Lodoi, alihitimisha Tai.

— Lingelowa, alisema Makaa.

— Si maziwa yenyewe. Heri yake.

— Na hiyo heri ni lita ngapi? Tuongee vitu vinavyopimika, Tai. Wewe ulicheza ngoma yako mbele ya ng'ombe asubuhi, imesaidia nini?

— Ng'ombe aliniheshimu. Alinipisha.

— Alikupisha kwa kupitia kwenye uzio. Mbao mbili zimevunjika.

— Heshima ina viwango, alisema Tai, akavuta ugoro.

Sodnom alitazama kivuli cha duka. Kilikuwa kimeshuka mpaka kwenye rimu ya kwanza ya benchi. Alijaribu kuhesabu muda wa gari kutoka chemchemi, kuvuka daraja, kupita kituo cha mafuta, akaishia hapo.

— Na hili joho? Makaa akamgeukia. Nilitaka kuuliza tangu asubuhi, nikaona nisikuvunjie heshima.

— Hilo ni wazo la Redio.

— Lina mantiki, alisema Redio. Ng'ombe hukamuliwa na wanawake. Hufuata harufu. Gia Nne akivaa joho la Dolgor, ng'ombe atadhani ni Dolgor.

— Ng'ombe huyu amewahi kumwona Dolgor?

— Hapana.

— Sasa?

— Sasa ndiyo vizuri. Hana ubaya naye.

Makaa akaliacha hilo. Akanywa chai yake nyeusi akakunja uso.

— Alikataa hata hivyo, alisema Sodnom. Nilichuchumaa, nikaimba kidogo. Alininusa shingoni, akanitazama. Yaani alinitazama, jamani. Nikajisikia vibaya.

— Ulimwimbia nini?

— Ule wimbo wa madereva.

— Wenye matusi?

— Nilimung'unya matusi.

Hapo mazungumzo yakakatika breki. Redio alisema kwamba ng'ombe amegoma, na kwamba mgomo wenyewe ni wa haki, kwa sababu amebadilishwa na pikipiki iliyotembea nchi nzima na haina taa ya nyuma. Mnyama naye ana hadhi yake. Angalau angeonyeshwa alichobadilishwa nacho.

— Nusu yake alionyeshwa, alisema Sodnom. Hiki kigari kililala uani siku ile ya kwanza.

— Akasemaje?

— Alikilamba.

— Alilamba wapi?

— Kwenye kiti. Usiku kucha. Asubuhi kimelowa chapa, na bado anataka kulamba. Ndiyo maana nimekileta huku.

— Chumvi, alisema Makaa. Jasho lako la miaka yote.

— Mimi sikukaa humu. Aliyekaa humu ni Dolgor.

— Basi umeona, alisema Redio. Tayari wanafahamiana.

Tai alikuwa bado anatafuna lake, na Tai akitafuna jambo hurudi na kitu kizito.

— Labda maziwa yanatoka, alisema. Ila yananyonywa kabla yako.

Wakamgeukia wote.

— Na nani?

— Mwizi.

— Mwizi hakuna, alisema Sodnom, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alijinyoosha ndani ya kigari. Hilo la mwizi nililifikiria mapema mimi. Nilihakikisha kabla sijanunua.

— Ulihakikishaje? aliuliza Makaa.

Katika maswali yote ya siku hiyo hilo ndilo lililokuwa la maana, na lilikufa palepale, kwa sababu Tai alikuwa ameshaanza habari za nyoka.

— Nyoka, alisema. Anapanda mguu wa nyuma, ananyonya, anashuka.

— Nyoka wa Selenge ana meno mawili tu, alisema Redio. Ng'ombe angesikia.

— Aliyezoea hasikii.

— Mimi naona ni bomba, alisema Makaa.

— Tumeshamaliza la bomba.

— Si lile. La chini kwa chini. Lodoi anacheka, sawa? Anampa mtu chai bakuli mbili, anamsindikiza mpaka mtoni. Kwa nini mpaka mtoni? Anaangalia usawa wa ardhi. Kwake ni bondeni, hapa ni juu. Maziwa yanateremka yenyewe.

— Kilomita thelathini, Makaa?

— Gesi inavuka nchi nzima kwenye bomba na hamsemi kitu. Maziwa kilomita thelathini mnaona maajabu.

— Na huku juu yanaingilia wapi?

— Hilo ndilo Lodoi hawezi kukuambia.

Redio aliona hilo halina waya ndani yake, kwa hiyo haliwezi kuwa kweli. Akaanza kueleza kwamba setilaiti moja hupita juu ya Selenge kila baada ya saa moja na nusu, na kwamba ng'ombe akilia huwa inapita. Makaa akauliza kama setilaiti nayo ina presha. Tai akasema kama ni hivyo basi nyoka yuko kwenye setilaiti, na akaonekana kumaanisha. Makaa akainamisha chupa ya chai juu ya kikombe. Likatoka nusu funda, likifuatwa na majani.

— Imekwisha, alisema.

Na hapo ndipo sauti ikatokea nyuma ya kona ya duka.

— Hamjambo. Mnapitisha salama kiangazi? Mifugo imenona?

Sodnom akaganda. Ni salamu ya kila siku katika bonde lile, kila mtu humsalimu mwenzake hivyo. Lakini Dolgor hakuitamka hiyo ya mifugo tangu ile baridi. Alikuwa anaishia kwenye kiangazi.

Alisimama pale na begi lake begani na chupa ya maji ya chemchemi mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Gari lilikuwa limewahi. Alimwomba dereva amshushe darajani, kwa sababu kutoka darajani alisikia kitu, akataka kutembea na kukisikiliza vizuri. Akaliangalia benchi. Akawaangalia watatu waliokuwa kwenye ubao. Halafu akamwangalia mumewe, aliyekuwa amekaa kwenye kigari kisicho na pikipiki, amevaa joho lililotakiwa kuwa chini ya sanduku, na kitambaa chake cha sikukuu kimefungwa kidevuni.

— Shikamoo shemeji, alisema Tai, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka miwili.

— Marahaba. Yule anayelia ni wa nani?

— Ni wa kwetu, alisema Sodnom. Sauti ilitoka nyembamba. Nimemnunua juzi. Ana kiwele kizuri. Ila hatoi. Tumejaribu kila kitu, mama.

— Kila kitu, aliunga mkono Redio. Tumefika mpaka Urusi.

Ng'ombe akalia tena. Dolgor alisikiliza mpaka mwisho wa sauti, hata pale ilipokatikia puani. Akaweka begi chini.

— Na ndama wake yuko wapi?

Makaa alimtazama Redio, Redio akamtazama Tai.

— Si yuko nyuma ya banda? alisema Makaa.

— Mimi nimecheza ngoma ua mzima, alisema Tai polepole. Sikuona ndama.

— Mimi nilidhani amefungwa ndani, alisema Redio, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini aliharakisha maneno.

Wote watatu wakamgeukia Sodnom. Dolgor alikuwa ameshamgeukia.

Sodnom alivua kitambaa kichwani. Akajua kabla hajasema. Alikumbuka kicheko cha Lodoi, bakuli mbili za chai, ule mkono uliokuwa unatikisika, na masikio yakamwaka moto.

— Lodoi alitaka pikipiki pamoja na kigari, alisema. Anipe ng'ombe pamoja na ndama. Nikamwambia kigari sitoi. Akasema na yeye ndama hatoi. Nikaona nimemshinda.

— Umemshinda, alisema Dolgor.

— Zamani nikija nyumbani nilikuwa nakuona. Ukianza kukamua, unamtoa ndama kwa mama yake, unamfunga kamba pembeni. Kila siku. Mimi nilijua mnawafunga kwa sababu wanaiba. Nikasema, ng'ombe bila ndama ni ng'ombe bila mwizi. Atatoa maradufu.

Makaa alifunika uso kwa kiganja. Redio alisoma kwa makini maandishi kwenye chupa ya chai.

— Ndama ananyonya kwanza, alisema Dolgor. Yeye ndiye anayemfungua mama yake. Ukishaona maziwa yameshuka ndipo unamtoa, unakamua, halafu unamrudishia ya kwake. Asipomwona mtoto hakupi. Hata umwimbie. Tangu juzi anawaambia, kila saa anawaambia, amesimama anawaonyesha na upande aliko.

Sodnom alimtazama usoni, akitafuta ile hasira aliyoiogopa tangu wiki iliyopita, na alikuwa tayari kuipokea yote. Hakuiona bado.

— Na kigari ulikibakiza cha nini? akauliza Dolgor. Hakina hata gurudumu la pili.

— Ni kiti chako, alisema Sodnom. Siku tunaoana ulikaa humu. Nilikuhamisha huku ukiwa humu. Niliona pikipiki ni yangu, naweza kuitoa. Kigari si changu.

Dolgor akainamisha kichwa. Mabega yakaanza kutikisika, na Sodnom akajua amemliza, baada ya yote haya amemliza mbele ya watu. Akainua mguu atoke. Kumbe alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti mpaka akashika ubao wa benchi, na Tai akasogea kumpisha akae. Machozi nayo yalikuja, hayakuwa ya kicheko yote, akayafuta kwa kiganja yakabeba vumbi la safari.

— Ng'ombe bila ndama, alisema alipopata pumzi, na kigari bila pikipiki. Nikupeleke wapi mimi, mzee wangu?

Kisha akasimama, na sauti ikawa nyingine. Sodnom mwenyewe alikuwa ameisahau, ile sauti ya mtu mwenye ng'ombe kumi na wanane.

— Makaa, lori lina mafuta?

— Lina, shemeji.

— Kiwele kikilala hivyo usiku mwingine kitaharibika, mtakuwa mmenunua ngozi. Pakieni hicho kigari. Lodoi alikitaka, apewe. Ndama arudi leo kabla jua halijazama. Tai, wewe utamshika njiani, lakini usimchezee ngoma.

— Sawa.

— Na mnara? aliuliza Redio, ambaye hakupenda kuachwa nyuma.

— Upakie nao ukiona unafaa.

Walikibeba kigari wote wanne, wakakitupia nyuma ya lori, juu ya vumbi la makaa. Makaa akawasha injini, Redio akajibana kando yake, Tai akapanda nyuma na lori likainama upande mmoja. Sodnom alishika ubavu wa lori apande naye, kwa haraka, kabla Dolgor hajabadili mawazo. Dolgor akamshika mkono wa joho.

— Usinikasirikie, alisema Sodnom.

— Vua.

— Najua, Lodoi akiniona hivi atazidi kunicheka.

— Acha acheke. Vua hilo joho, Sodnom. Nitavaa nini jioni nikikamua?